Fedha ya Mezani: Uma na Vijiko vya Kale vya Ufaransa na Hoja za Wavikusanyao

Katika lugha yetu neno fedha lina maana mbili zikaazo nyumba moja: ni madini meupe yafuliwayo yakawa bangili, na ni mali ihesabiwayo mfukoni. Wafaransa nao, kwa mwafaka wa ajabu, wana neno moja tu kwa mambo hayo mawili, nalo ni argent. Na anayetaka kuifahamu habari ya vijiko vyao vya kale hana budi kuanza hapo, kwa sababu kila mara maana ya pili ilipopata nguvu juu ya ya kwanza, vijiko viliyeyuka.

Watu wengi siku hizi, ndani ya Ufaransa na nje yake, hununua uma na vijiko vya kale vya nchi hiyo, si kwa kuvifungia kabatini bali kwa kulia chakula. Lakini wengi wao wamo katika mashaka. Mmoja hununua kwa bei ya fedha halisi kitu ambacho ni shaba iliyovishwa fedha. Wa pili huona namba asiyoielewa akadhani ni kipimo cha usafi. Wa tatu humiliki fedha safi kabisa akaogopa kuitumia, ikakaa gizani miaka 30 na kugeuka nyeusi. Mashaka haya yana mizizi miwili. Wa kwanza ni wa elimu, nao hung'oka kwa kusoma chapa. Wa pili ni wa nia, yaani kutojua chombo kinakusanywa kwa ajili gani, na huo ni mgumu zaidi.

Uhaba na sababu zake

Mwaka 1689 mfalme Louis wa 14, alipohitaji mali ya kugharimia vita vyake na mataifa yaliyoungana dhidi yake, aliamuru samani za fedha zilizopamba kasri la Versailles, zikiwamo meza, vinara na mapipa ya kupandia michungwa, zipelekwe kiwanda cha sarafu zikayeyushwe. Kazi ya miaka mingi ya mafundi hodari kuliko wote wa Ulaya ya zama zile ikarejea kuwa ujiuji wa tanuri. Amri kama hiyo ilirudi mwaka 1709, na safari hii vyombo vya kulia vya mfalme na vya makabaila wake vikafuata njia ile ile. Ikarudi tena mwaka 1759 katika enzi ya Louis wa 15, wakati wa Vita vya Miaka Saba. Kilichosalimika kikakutana na Mapinduzi ya 1789, ambapo nasaba ya mwenye nyumba, iliyochorwa juu ya kijiko, iligeuka kuwa ushahidi dhidi yake.

Kwa hiyo baadhi ya kazi bora za Paris za karne ya 18 hazionekani Paris. François-Thomas Germain, mfua fedha aliyerithi ufundi kwa babaye Thomas, alimtengenezea mfalme wa Ureno vyombo vya meza baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 1755 kuharibu vile vya zamani, na leo mtu hana budi kwenda kwenye makumbusho ya Lisbon ili avione. Uchache huu ndio uliozaa bei, na bei ndiyo iliyozaa udanganyifu, kwani chapa ya zama za kabla ya Mapinduzi, ikitiwa kwenye kijiko cha karne iliyofuata, hukipandisha thamani mara nyingi.

Msomaji wa pwani hatauona mwenendo huu kuwa mgeni. Riale ya Maria Theresa, sarafu yenye tarehe ya 1780 iliyotumika katika biashara ya Unguja, Maskati na Uhabeshi, iliingia katika kalibu za masonara ikatoka ni mitali na bangili, na bangili hizo zilipofika siku ya dhiki zilipimwa katika mizani zikahesabika kama mali ile ile iliyozizaa. Fedha hiyo ilikuwa na sehemu 833 safi katika elfu. Ya Wafaransa, kama tutakavyoona, ilikuwa safi zaidi.

Ushahidi wa chapa

Tuutwae uma mmoja wa mezani wa nusu ya pili ya karne ya 19 tuutazame kwa makini. Una urefu wa sentimita 21 au karibu yake, na uzito wa gramu 80 hivi. Aliyezoea uma wa bati huhisi mara moja kwamba mkono wake umeshika kitu kingine. Ukilazwa mezani kwa desturi ya Kifaransa, meno yake huinamia kitambaa na mgongo wake hutazama juu, na ndiyo sababu herufi za jina la mwenyewe zimechorwa mgongoni. Katika shina la mpini mna alama mbili ndogo kuliko punje ya mtama, na kioo cha kukuzia ni lazima. Moja ina umbo la uru wa karata, na ndani yake mna herufi za mwanzo za jina la fundi na alama aliyojichagulia. Ya pili ni kichwa cha mwanamke aliyevaa kofia ya chuma: ni Minerva, mungu wa kike wa Warumi, ambaye dola ya Ufaransa ilimfanya shahidi wa fedha kuanzia mwaka 1838. Ukiugeuza uma na kutazama mahali palipo mkabala na kichwa hicho, utaona michirizi midogo kama miguu na mbawa za wadudu. Ni wadudu kweli. Tangu mwaka 1819 fuawe ambayo chombo huwekwa juu yake wakati wa kupigwa chapa ilichorwa wadudu wadogo mno, hata pigo moja la nyundo likaacha muhuri upande huu na wadudu upande ule. Mghushi aweza kuiga kichwa cha Minerva, lakini kuiga pande zote mbili kwa pigo moja kwamtaabisha. Ni hila ya serikali iliyobuniwa kwa akili nyingi, na haijatangazwa kiasi inavyostahili.

Sasa tuje kwenye usafi. Sheria ya tarehe 9 Novemba 1797, iliyokuja baada ya vyama vya mafundi kuvunjwa, iliweka daraja mbili: ya kwanza sehemu 950 katika elfu, ya pili 800. Minerva wa daraja la kwanza amezungushiwa mstari wa pembe nane na ana namba 1 mbele ya paji la uso. Wa daraja la pili amezungushiwa umbo la pipa na ana namba 2 chini ya kidevu. Kati ya 1819 na 1838 kazi hiyo ilifanywa na kichwa cha mzee mwenye ndevu. Vyombo vidogo vilipigwa chapa ya kichwa cha nguruwe dume huko Paris na ya kaa huko mikoani, na wanyama hao wawili wanathibitisha 800 tu. Bata-maji wa shingo ndefu, aliyeanza kutumika mwaka 1893, hasemi kwamba chombo ni cha Kifaransa. Husema kwamba kilitoka nje, au asili yake haikujulikana, na kwamba kimetimiza 800. Muuzaji amwitaye bata huyu shahidi wa ufundi wa Ufaransa ama hajui au anadanganya.

Kabla ya Mapinduzi mambo yalikuwa ya namna nyingine. Fedha ya Paris ilikuwa na usafi wa 958 hivi, na chombo kimoja kilibeba chapa nne: ya fundi, ya chama cha mafundi, yenye herufi iliyobadilishwa kila kipindi ili muda wa kazi ujulikane, na mbili za wakandarasi wa ushuru, yaani wale matajiri waliomlipa mfalme kwanza kisha wakakusanya kodi kwa niaba yake, moja ikigongwa chombo kikiwa hakijakamilika ili kifungwe na deni, ya pili ikigongwa deni lilipokwisha kulipwa.

Ama vilivyovishwa fedha, hivi ndivyo vinavyowachanganya watu kuliko vyote. Mwaka 1842 Charles Christofle wa Paris alijipatia haki za kutumia njia mpya ya kuvisha madini kwa umeme, na baada ya miaka michache Napoleon wa 3 mwenyewe akaagiza kwake vyombo vya meza vya namna hiyo. Aliposadiki mfalme, nani angekataa? Kitu ambacho hapo kale kingeitwa bandia kikawa fahari ya tabaka la kati. Sheria iliwataka watengenezaji wa vyombo hivi watie alama yao ndani ya mraba, wala si ndani ya uru. Namba ionekanayo pembeni yake, aghalabu 84, si kipimo cha usafi hata kidogo: ni gramu za fedha zilizovishwa juu ya vipande 24, yaani vijiko 12 na uma 12 vya ukubwa wa mezani. Hesabu yake ni gramu tatu na nusu kwa kila kipande. Vipande 24 kama ule uma tulioushika, vya daraja la kwanza, hukaribia kilo mbili, na ndani yake mna zaidi ya kilo moja na robo tatu ya fedha safi. Tofauti hiyo macho hayaioni mezani. Mizani huiona, na chapa huitaja.

Rai za wakusanyaji

Kundi la kwanza husema kwamba hapana fedha ya Kifaransa isipokuwa ya karne ya 18. Hujja yao ina nguvu: mkono wa fundi bado waonekana, mpini mtupu usio na pambo una mizani ambayo mashine za baadaye hazikuifikia, na kila kipande ni mabaki ya moto tuliousimulia. Dosari yake ni kwamba chombo cha miaka 250 kimekwisha kuliwa na wengi. Meno ya uma yamefupika, upande mmoja wa ncha ya kijiko umelika kwa kukwangua sahani, na fedha yenye usafi wa 958 ni laini, hata aitumiaye leo hulamba kila siku kidogo cha alichokilipia ghali. Fauka ya hayo, kupata vipande 12 vya fundi mmoja na mwaka mmoja ni bahati ambayo haimjii mtu wa kipato cha wastani. Vyombo hivi mahali pake pa haki ni kama pale Louvre, ambako mkusanyo wa nyumba ya wafua fedha ya Puiforcat uliingia mwaka 1955 kwa hiba ya Stavros Niarchos, mwenye meli wa Kigiriki.

Kundi la pili husimama na karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, zama za Odiot, Puiforcat, Cardeilhac, Têtard na wenzao, na hutaka Minerva wa daraja la kwanza. Vyombo hivi ni vizito, vilitengenezwa kwa wingi kwa sababu tabaka jipya la matajiri lilitaka meza ya wakubwa, na vingi vililala kwenye masanduku yao vikisubiri sikukuu, hata vimetufikia na meno kamili. Aibu yao, kama ni aibu, ni wingi wa mapambo: makombe, maua na mashada ambayo karne hiyo iliyaazima kwa wafalme waliopita, tena ambayo hushika uchafu katika mifereji yake. Lakini hata zama hizo zilipenda pia mtindo wa uzi, ambao pambo lake ni mstari mmoja tu uzungukao ukingo wa mpini, na mtindo huo haujamchosha mtu mpaka leo.

Kundi la tatu hutetea vilivyovishwa, na wenye kiburi huwadharau bure. Chuma cha ndani, kiwe shaba ya manjano au mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, ni kigumu kuliko fedha, hakipindi, na bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya fedha. Umbo ni lile lile, kwa kuwa kalibu zilikuwa nzuri. Lakini chombo hiki kina umri. Fedha hulika kwanza penye kuguswa sana, mgongoni mwa kijiko na penye ncha za meno, na doa la manjano au la kijivu likishachomoza, dawa ni kuvisha upya, kazi ambayo kwa seti nzima huweza kupita bei ya kununua nyingine. Mwenye kununua na aangalie mahali hapo kabla ya kuangalia chapa.

Liko na kundi la nne, wapimao kwa gramu peke yake. Hawa ndio warithi wa tanuri la mwaka 1689. Januari 1980, bei ya wakia moja ya fedha ilipokaribia dola 50, vyombo vingi katika nchi nyingi vilikwenda motoni kwa sababu uzito wake ulizidi bei ya sokoni ya uzuri wake. Rai yao ina faida moja, nayo ni kumkumbusha mnunuzi kuwa uzito ni sakafu ya thamani na asilipe kipumbavu juu yake. Zaidi ya hapo rai hiyo ni msiba, kwa kuwa uma ulioyeyushwa haurudi.

Kwa msomaji Mwislamu liko jambo litangulialo hoja zote hizi. Hadithi sahihi za Mtume zimekataza kula na kunywa katika vyombo vya dhahabu na fedha, na wanazuoni wameliendeleza katazo hilo kwa kijiko na mfano wake. Na katika madhehebu ya Imamu Shafii, yaliyoenea pwani na visiwani, kauli yenye nguvu haimruhusu mtu hata kuviweka tu pasipo kuvitumia. Chombo kilichovishwa kina hukumu yake, kwani mafakihi huuliza kama fedha ile ingepatikana kikitiwa motoni. Swali hilo si dogo mbele ya kijiko chenye gramu tatu na nusu, na wa kulijibu ni mwanachuoni wala si muuza vitu vya kale.

Kisu kisichokuwamo

Mnunuzi mgeni hushangaa kufungua sanduku la kale akakuta vijiko 12, uma 12, na kisu hata kimoja hakuna. Hakuibiwa. Wafaransa huita uma na kijiko chake kwa jina moja, couvert, na kisu hakimo katika jina hilo kwa sababu kilikuwa kazi ya chama kingine: mfua fedha hakufua visu, na mfua visu hakufua fedha. Desturi hiyo ilidumu hata baada ya vyama kufa, na visu viliendelea kununuliwa mbali.

Hata vikipatikana vina matatizo yake. Mpini wa fedha wa kisu si mzito kama unavyodhaniwa. Ni ganda jembamba lililojazwa ulimbo, na maji ya moto huulainisha ulimbo ule, kisu kikalegea na mpini ukapasuka. Makali ya kale ni chuma kishikacho kutu na kugeuza ladha ya ndimu. Mipini mingine ni ya mpingo au gamba la chaza, na mingi, hasa ya karne ya 19, ni ya pembe za ndovu.

Hapa meza ya Paris inaigusa Afrika kwa mkono. Katika karne hiyo Unguja ilikuwa miongoni mwa masoko makuu ya pembe duniani, na pembe zilizofika huko kutoka bara zilichukuliwa vichwani na mabegani mwa wapagazi na watumwa, mwendo wa miezi. Haiwezekani kuutazama mpini mmoja ukajua ndovu wake alianguka wapi, wala hakuna haja. Inatosha kujua namna ya biashara iliyoulisha ulimwengu mipini hiyo. Tangu mkataba wa kimataifa ulipompandisha ndovu wa Afrika katika orodha ya ulinzi mkali kabisa mwaka 1989, mwaka ambao Kenya ilichoma pembe hadharani mjini Nairobi, kuvusha visu hivi mipaka kumekuwa jambo la vibali, na nchi kadhaa zimekaza sheria hata juu ya vitu vya kale. Kwa maoni yetu mkusanyaji wa mezani aviache. Si kwa kuogopa forodha tu: hapana uzuri wa mpini unaomlazimu mtu kuufumbia macho mzigo uliobebwa namna ile.

Herufi za watu wengine

Jambo la mwisho lenye mabishano ni herufi zilizochorwa. Wako wazifutao ili chombo kionekane hakina mwenyewe, na wako wazichukiao kwa kuona haya ya kula kwa jina la ukoo wa watu. Kufuta ni kosa la kiufundi kabla ya kuwa kosa la adabu: fundi hana njia ila kukwangua madini mpaka chini ya mchoro, na mahali palipokwanguliwa hubaki pembamba, pakipinda kwa kidole na kuakisi nuru kwa wimbi lisilo sawa. Ajuaye hupima kwa kupitisha dole gumba. Kwa upande mwingine herufi hizi hupunguza bei, maana wanunuzi wengi huzikimbia, na asiyeziogopa hupata uzito ule ule na fundi yule yule kwa nafuu. Tena wala si lazima herufi zifanane katika seti nzima. Meza yenye vijiko vya koo tatu, vyote vya mtindo wa uzi na vyote vya urefu mmoja, haina kasoro.

Mizani

Tukiziweka rai zote pamoja, aliye na nia ya kula, wala si kuhifadhi makumbusho au kuweka rasilimali, haki yake iko kwa kundi la pili, na kwa kundi la tatu pale mfuko unapokataa. Karne ya 18 imeteseka vya kutosha. Kila mlo tunaoula kwayo huipunguza. Fedha ya karne ya 19 ilitengenezwa kwa ajili ya mikono itakayoitia kazini, na kutumiwa ndiko kunakoitunza, kwa kuwa fedha ioshwayo na kufutwa kila juma haipati weusi wa kuhitaji kusuguliwa kwa nguvu, na kila msuguo wa nguvu huondoa madini. Yai na kitunguu huigeuza nyeusi kwa salfa iliyomo ndani yake. Chumvi iliyoachwa usiku kucha huichimba vishimo visivyofutika. Mpira wa kufungia vipande pamoja huacha mstari mweusi unaokaidi. Maji ya uvuguvugu, sabuni, na kitambaa laini mara tu baada ya mlo, basi. Mashine ya kuoshea vyombo isiisogelee.

Na asianze na sanduku kamili la vipande mia na zaidi, ambalo nusu yake ni vyombo vya konokono na mfano wake visivyoguswa. Aanze na vijiko sita na uma sita vya mezani, vya daraja la kwanza, vya mtindo wa uzi, meno yakiwa marefu na sawa, herufi zikiwa mahali pake. Vingine vitapatikana kimoja kimoja, kwa sababu mtindo huu ulifuliwa na nyumba nyingi kwa zaidi ya karne. Visu anunue vipya vya chuma kisichoshika kutu, vyenye mpini wa mpingo, na kuvilaza kando ya uma ulioinamishwa kifudifudi, mgongo juu.